Mama wa Ziwa Kivu Ndani ya Meli ya Matanga

Wengi wenu mmeniuliza kwa simu: "Ni kweli unafanya kazi kwenye meli, wewe uliyekuwa unaogopa hata maji ya beseni?" Ni kweli. Na kwa kuwa nawajibu mmoja mmoja mpaka unite za simu zinaisha, nimeona heri niandike mara moja kwa wote.

Wanaonijua wanajua sababu ya woga wangu. Kwa wasionijua nitasema kwa ufupi. Yaya yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alipanda boti usiku kwenda soko la Goma na magunia yake ya muhogo. Boti ilijaa watu, mbuzi, mikungu ya ndizi na bidoni za mafuta. Jile za kuokolea hazikuwemo, na hakuna aliyeandika majina ya wasafiri. Upepo ulipovuma, boti ikapinduka. Tulikaa ukingoni siku nne. Watu wengine walisema walimuona akipanda, wengine wakasema aliahirisha safari. Mama yetu alikuwa akiuliza kila mtu aliyepita: "Je, alikuwemo?" Siku ya tano tulimpata.

Tangu siku hiyo mimi na maji tuliachana. Kama nilikuwa na safari ya Goma, nilipita barabara ya milima na matope, hata kama ilinigharimu siku nzima na mgongo wangu. Vita vilipotufukuza tukaenda Uganda, tukakaa kambini miaka mingi, kisha tukaletwa Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Hapa Houston wako Wakongomani wengi, na unaweza kusikia Kiswahili chetu sokoni na kanisani. Mume wangu anafanya kazi ya usiku katika depo. Mimi nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Bahari iko karibu, lakini kwa miaka minne sikuwahi kwenda kuiona.

Aliyenipeleka ni binti yangu wa kwanza. Ana miaka 18, na nilimpa jina la yaya yangu. Siku moja aliniambia kwamba kila siku ya posho atakuwa anaenda na wenzake wa shule kufanya salongo kwenye jumba la makumbusho katika mji wa Galveston. Neno salongo lilinifurahisha. Nikasema, mtoto wangu hajasahau kwao. Lakini jioni moja alirudi na mikono myeusi kwa lami, akanionyesha picha katika simu. Alikuwa amesimama juu ya kamba, juu kuliko paa la kanisa, na chini yake kulikuwa na maji matupu.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Usiku ule sikulala. Siku ya posho iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikafunga kikwembe changu, nikaingia katika gari pamoja nao. Nilikwenda kumtoa mtoto wangu mle ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na sikuificha.

Galveston ni mji juu ya kisiwa chembamba na kirefu, kama kilomita 80 kutoka Houston. Unavuka daraja refu, maji kushoto, maji kulia. Nilifunga macho mpaka tulipofika ng'ambo. Mji wenyewe ni wa zamani, una majumba makubwa ya matofali ya wakati wa biashara ya pamba, na ndege wakubwa waitwao mwari wanakaa juu ya nguzo za bandari kama wazee wa baraza.

Binti yangu alitaka kunituliza, basi akanitembeza kwanza. Alinionyesha kwamba kisiwa hiki kinajua msiba wa maji kuliko mimi. Tarehe 8 Septemba 1900 tufani ilipiga hapa, bahari ikapanda mjini, na watu wasiopungua 6,000 wakafa kwa usiku mmoja. Waliobaki hawakuhama wote. Walijenga ukuta mrefu mbele ya bahari, kisha wakaziinua nyumba zao kwa jeki, hata makanisa, wakajaza mchanga chini yake ili mji wote upande juu. Ni katika mji huu pia, tarehe 19 Juni 1865, ambapo watumwa weusi wa Texas walisomewa tangazo kwamba wako huru. Kila mwaka siku hiyo inafanyiwa sikukuu Marekani nzima. Nilisimama pale nikafikiri: watu wengi walipita mahali hapa wakiwa na huzuni kubwa kuliko yangu, na bado wamejenga.

Kisha tukafika kwenye gati, nikaiona meli.

Inaitwa Elissa. Mwili wake ni wa chuma, una milingoti mitatu, na mlingoti mkubwa una urefu wa karibu mita 30. Kutoka mbele mpaka nyuma ni kama mita 62. Ina matanga 19. Ilijengwa mwaka 1877 katika mji wa Aberdeen, Scotland, na ilizunguka dunia ikibeba mizigo kwa nguvu ya upepo tu. Mwaka 1883 ilifika hapa hapa Galveston, na mzigo wake, wamama, ulikuwa ndizi. Mimi nikacheka peke yangu. Nikafikiri, kumbe hata meli ya wazungu ilibeba mikungu kama boti zetu za Idjwi. Ilirudi tena mwaka 1886, ndiyo sababu watu wa Galveston wanaiita yao.

Baadaye Elissa iliteseka. Iliuzwa Norway, ikauzwa Sweden, ikabadilishwa jina mara nyingi. Walipunguza milingoti yake, wakaitia injini. Mwishowe ilikuwa kule Ugiriki, ikipitisha sigara za magendo. Mwaka 1961 mtaalamu mmoja wa mambo ya kale ya baharini, Peter Throckmorton, aliiona katika bandari ya Piraeus akaitambua ilivyokuwa zamani. Ilikuwa karibu kukatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 1975 chama cha kulinda mambo ya kale ya Galveston kiliinunua, ikavutwa kupita bahari kubwa, ikafika mwaka 1979, na mwaka 1982 ilisimama tena na milingoti yake mitatu.

Mbele kabisa ya meli kuna sanamu ya mwanamke. Nilimuuliza binti yangu ni nani. Akaniambia Elissa ni jina la malkia wa hadithi za kale, ambaye wengine wanamwita Dido. Kaka yake alimuua mume wake kwa tamaa ya mali. Elissa akakimbia usiku kwa meli pamoja na watu wake, akafika Afrika, pale ambapo leo ni Tunisia. Akaomba uwanja wa kukaa. Wenyeji wakamwambia, chukua ardhi inayofunikwa na ngozi moja ya ng'ombe. Mama yule akaikata ngozi kuwa nyuzi nyembamba, akaziunga, akazungusha kilima kizima. Hapo akajenga mji wa Carthage. Basi, mjane aliyekimbia nchi yake kwa njia ya maji, akaanza upya kwa akili ya mikono yake! Nilimtazama kwa muda mrefu. Nikamwambia binti yangu: "Tuingie, lakini sitakaa."

Nilikaa mpaka jioni.

Jambo la kwanza nililoona ni kwamba hakuna anayelipwa katika kazi ile ya Jumamosi, isipokuwa wakubwa wachache. Waliokuwepo ni mwalimu, fundi wa umeme, mwanamke mzee aliyestaafu kazi ya hospitali, wanafunzi, na bwana mmoja anayeuza magari. Wanawake walikuwa wengi. Walikuwa wakikwangua kutu, wakipaka rangi, wakipaka mbao mafuta, wakibadilisha kamba zilizochoka. Meli hii ina zaidi ya miaka 140, na adui yake si tufani. Mwaka 2008 tufani kubwa iitwayo Ike iliufunika mji kwa maji, lakini Elissa ilibaki imeshikilia gati. Adui yake ni kutu inayokula polepole wakati watu wamelala.

Mimi nilisimama kando na mkoba wangu kifuani, nikitafuta nani mkubwa ili nimwambie namchukua mtoto wangu. Ndipo nikaona wanawake wawili wamekaa juu ya benchi na tanga kubwa magotini, wanashona kwa mkono. Mnajua mimi ni mshonaji tangu usichana. Nilikaribia. Turubai ilikuwa nene, sindano ndefu yenye pembe tatu, na uzi umepakwa nta ya nyuki. Katika kiganja walivaa ngozi yenye kipande cha chuma cha kusukumia sindano. Mmoja wao alikuwa akivuta uzi vibaya, pindo linakunjamana. Sikuweza kuvumilia. Nilionyesha kwa mikono, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Akanipa nafasi, akanivalisha ile ngozi. Mpaka jua linazama nilikuwa nimemaliza pindo lote, na watu walikuja kutazama. Walimsikia binti yangu akiniita Mama, na wao wakaanza kuniita Mama. Jina hilo limebaki mpaka leo.

Nikawa narudi. Niliwaambia mapema: mimi kupanda juu, hapana. Wakasema hakuna anayelazimishwa. Lakini ukitaka kuwa baharia wa Elissa lazima ujifunze, hata wewe wa chini. Nilijifunza kamba. Kila kamba ina jina lake, kazi yake na kigingi chake cha kufungia, na unapaswa kuipata hata gizani, kama unavyoupata mwiko wako jikoni bila taa. Nilijifunza kuvuta pamoja na wengine kwa sauti moja. Hapo sikuhitaji mwalimu. Aliyewahi kutwanga sombe watu watatu katika kinu kimoja anajua hesabu hiyo.

Kuhusu binti yangu, nilimfuata mkubwa wa mabaharia, nikamuuliza kwa ukali nani anamlinda mtoto wangu kule juu. Hakukasirika. Alinionyesha mkanda anaovaa, namna unavyokaguliwa kila mara, miezi ya mafunzo kabla ya kuruhusiwa, na ile kamba ya kukanyagia chini ya ule mti wa kulala ambao mabaharia wa pwani huuita foromali. Kisha akanifundisha msemo wa mabaharia wa zamani: mkono mmoja wako, mkono mmoja wa meli. Maana yake, fanya kazi ya wote kwa mkono mmoja, lakini mwingine ujishikilie mwenyewe usianguke. Nilirudi nyumbani na msemo huo. Wamama wangapi tunatoa mikono yote miwili kwa nyumba, kwa kanisa, kwa chama, halafu tunashangaa tumeanguka?

Siku ya kutoka baharini ilifika wakati wa majira ya kuchipua, maana Elissa haibaki gatini daima, inasafiri. Usiku wake sikula. Asubuhi tulipanga mstari juu ya sitaha, tukaitwa jina moja moja, na kila mmoja akajibu kwa sauti. Orodha ikaandikwa, nakala ikabaki nchi kavu. Tukaonyeshwa jile za kuokolea zilipo na namna ya kuzifunga. Niliposikia jina langu linasomwa machozi yakanitoka, watu wakadhani naogopa bahari. Nilikuwa namkumbuka mama yetu pale ukingoni, akiuliza wapita njia.

Kabla ya kufungua matanga tulifanya zoezi la mtu aliyeanguka majini. Wanatupa kitu kinachoelea, halafu mtu mmoja anapiga kelele, na kila mmoja anakimbilia kazi yake. Lakini kuna mtu ambaye kazi yake ni moja tu: kunyoosha kidole kuelekea aliyeanguka na kutomwondolea macho. Hasaidii kamba, hajibu maswali, hageuki nyuma. Kichwa cha mtu katika mawimbi ni kidogo kama nazi, na ukigeuka mara moja tu umempoteza. Mkubwa wetu alitazama huku na huku, akasema: "Mama, wewe nyoosha kidole."

Nilinyoosha. Meli ikageuka, mkono wangu ukageuka nayo. Mawimbi yalikificha kile kitu, kikatokea, kikajificha tena. Sikupepesa macho. Nilisikia mkono unatetemeka mpaka begani, lakini sikuushusha mpaka walipokiokota na kukipandisha. Wamama, lilikuwa boya tu. Lakini mimi najua nilikuwa namnyooshea nani kidole. Usiku ule wa ziwani hakuwepo mtu wa kumnyooshea. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amegawa kazi yoyote.

Baadaye matanga yalifunguliwa. Binti yangu alikuwa juu pamoja na wenzake, mimi nilikuwa chini na kamba mikononi, na upepo ulipojaa ndani ya turubai injini ilinyamaza. Meli ililala kidogo upande mmoja, ikaanza kwenda bila kelele. Niliona pindo nililoshona mwenyewe likivutwa na upepo wa Ghuba ya Mexico, na halikufumuka. Pomboo walitufuata mbele, karibu na ile sanamu ya malkia. Sitawadanganya kwamba woga uliisha. Ulikuwepo, umekaa nami. Lakini nilikuwa na kazi, nilijua mahali pangu, na nilijua kwamba jina langu liko kwenye karatasi.

Nataka kuwaambia jambo moja zaidi kuhusu meli hii. Mwaka 2011 wakaguzi wa serikali waliitazama Elissa wakakuta kutu imeula mwili wake chini ya maji. Waliikataza kutoka. Fikirieni, meli ya fahari, kipenzi cha mji mzima, wenye mapesa wako tayari kuchanga, na bado ikaambiwa hapana. Ikakaa, mabamba ya chuma yakabadilishwa, ndipo ikaruhusiwa tena. Nilipoambiwa habari hiyo nilielewa kwa nini inaelea mpaka leo. Kuna watu wanaoikwangua kila Jumamosi, na kuna mtu mwenye uwezo wa kusema leo haitoki.

Sisi kwetu tunasema ajali ni mpango wa Mungu. Mimi naamini Mungu, na namwomba kila siku. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba orodha ya majina haigharimu kitu, ni daftari na kalamu. Basi nawaomba, ninyi wamama wa soko mnaovuka ziwa. Mmoja wenu aandike majina ya wanaopanda kabla ya boti kuondoka, na daftari libaki kwa mama asiyesafiri. Mkiwa wengi na mkaona boti imezama mpaka karibu na ukingo, shukeni wote pamoja. Mama mmoja akishuka atachekwa, lakini wamama kumi wakishuka mwenye boti atapunguza mizigo. Na katika likirimba yetu, pale tunaponunua sufuria kwa zamu, tununue jile kwa zamu. Za kwanza mbili nimeshaziwekea fedha pembeni, na nitazituma na yule atakayesafiri.

Binti yangu bado anapanda juu kila siku ya posho. Nikiwa chini na sindano yangu ninamtazama akipanda, ngazi kwa ngazi, mkono mmoja wake, mkono mmoja wa meli. Akifika juu ananipungia. Mimi simpungii, maana nimemnyooshea kidole.

Mama mwenzenu, Houston.